Tarehe 2 Mei, Sikukuu ya Jimbo la Madrid: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka ifikapo tarehe 2 Mei, shule, benki na ofisi za Jimbo la Madrid hufungwa, ilhali ng'ambo ya mpaka wa jimbo, huko Toledo au Segovia, watu wako kazini kama siku nyingine yoyote. Mgeni aliyefika Uhispania karibuni hushangazwa na jambo hili, na mshangao huo ndio unaozaa mengi ya maswali yaliyojibiwa hapa. Maswali mengine yanatoka kwa wasomaji wa historia, na hayo ndiyo yaliyopewa nafasi kubwa zaidi.

Sikukuu hii inaadhimisha tukio gani?

Inaadhimisha maasi ya wakazi wa Madrid ya tarehe 2 Mei 1808 dhidi ya majeshi ya Ufaransa ya Napoleon, yaliyokuwa yameushikilia mji huo tangu mwezi Machi. Mapigano yalidumu saa chache tu, yakazimwa siku hiyohiyo, na kulipopambazuka tarehe 3 wengi wa waliokamatwa walikuwa wamekwisha kupigwa risasi. Wahispania huiita siku hiyo kwa tarehe yake tu, Dos de Mayo, na hapana anayehitaji kutajiwa mwaka.

Kwa nini ni sikukuu ya Madrid peke yake, si ya Uhispania nzima?

Uhispania ina majimbo 17 yenye madaraka ya kujiendeshea mambo yake, na kila jimbo lina haki ya kuwa na siku yake. Jimbo la Madrid lilizaliwa mwaka 1983, baada ya eneo lililokuwa mkoa wa kawaida kupewa hadhi ya jimbo, na sheria iliyoliunda ndiyo iliyoitaja tarehe 2 Mei kuwa sikukuu yake. Jimbo hilo jipya halikuwa na lugha yake wala ufalme wa kale wa kujivunia, jinsi Katalonia au Navarra zilivyo navyo. Bendera yake, nyekundu yenye nyota saba nyeupe, ilibuniwa mwaka uleule, na wimbo wake ukatungwa upya. Katika vitu vyote ilivyojichagulia Madrid wakati ule, tarehe hii pekee ndiyo iliyokuwa tayari mioyoni mwa watu bila kutungwa na kamati yoyote.

Ni kweli pia kwamba siku hiyo iliwahi kuwa ya taifa zima. Bunge lililokutana Cádiz wakati vita vikiendelea liliagiza mwaka 1811 kwamba waliouawa tarehe hiyo wakumbukwe kila mwaka, na katika karne ya 19 kumbukumbu hiyo ilikuwa na uzito mkubwa nchini kote.

Wafaransa walifikaje Madrid bila kupigana?

Waliingia kama washirika. Tarehe 27 Oktoba 1807 Uhispania na Ufaransa zilitia saini mkataba huko Fontainebleau ili kuigawana Ureno, na kwa mkataba huo majeshi ya Napoleon yakapewa ruhusa ya kupita katika ardhi ya Uhispania. Yalipita, lakini hayakuishia kupita: yaliteka ngome moja baada ya nyingine, na mwenye nyumba alipogutuka, mgeni alikuwa amekwisha kushika funguo.

Wakati huohuo nyumba ya kifalme ilikuwa ikiparaganyika. Ghasia za Aranjuez za mwezi Machi 1808 zilimwangusha waziri Manuel Godoy na kumlazimisha mfalme Carlos IV kumwachia taji mwanawe, Fernando VII. Marshali Murat, shemeji yake Napoleon, aliingia Madrid tarehe 23 Machi, na Fernando akaingia kesho yake huku akishangiliwa na umati. Mwezi uliofuata Napoleon alimwita Fernando kwenye mji wa Bayonne, upande wa Ufaransa, akamwita na baba yake pia, na wote wawili wakaenda. Mjini kukabaki baraza la utawala lisilothubutu kupinga neno la Murat, makumi ya maelfu ya askari wa Kifaransa ndani na kandokando ya mji, na askari elfu chache wa Kihispania.

Asubuhi ile kulitokea nini hasa?

Murat aliagiza watu wa ukoo wa kifalme waliosalia wapelekwe Bayonne, akiwemo Francisco de Paula, mwanamfalme aliyekuwa na umri wa miaka 14. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 2 Mei, magari ya farasi yalikuwa yakisubiri mbele ya kasri, na watu wachache walikuwa wamesimama kuyatazama. Fundi wa makufuli aitwaye José Blas Molina ndiye anayetajwa kuwa alipaza sauti ya kwanza, akilia kwamba huu ni usaliti na kwamba mtoto anachukuliwa. Umati uliongezeka, kamba za magari zikakatwa, na Murat akatuma kikosi kilichofyatua risasi na mizinga katikati ya watu wasiokuwa na silaha.

Kutoka hapo habari ilienea mjini kwa kasi ya miguu ya watu waliokimbia wakiita majirani. Silaha zao zilikuwa visu vya kukunja, mikasi, fimbo, bunduki chache za uwindaji, na vyungu na mawe yaliyorushwa kutoka kwenye roshani. Waashi waliokuwa wakifanya kazi kwenye kanisa la Santiago waliwatupia Wafaransa vifusi kutoka juu ya jengo, na waliokamatwa miongoni mwao walilipa kwa uhai wao. Katika gereza la mji wafungwa walimwandikia msimamizi wao wakiomba watolewe wakapigane, wakiahidi kwamba watarudi; 56 walitoka, na jambo linalowastaajabisha wasomaji hadi leo ni kwamba, ukiacha waliouawa, karibu wote walirejea gerezani.

Mapigano makali zaidi ya barabarani yalikuwa katika uwanja wa Puerta del Sol, ambako askari wa farasi wa Walinzi wa Kaisari Napoleon, wakiwemo Mamluki, waliushambulia umati, na watu wakawashambulia farasi kwa visu ili kuwaangusha wapandaji. Wakati damu ikimwagika, mawaziri wawili, O'Farrill na Azanza, walizunguka mitaani wakipunga vitambaa vyeupe na kuwasihi watu warudi nyumbani, kwa ahadi kwamba hakuna atakayeadhibiwa. Wengi walirudi. Ahadi haikutimizwa.

Mamluki wanaotajwa katika masimulizi haya ni akina nani?

Msomaji wa Kiswahili anaweza kupotoshwa na neno lenyewe, kwa kuwa kwetu mamluki ni askari wa kukodiwa. Wanaozungumziwa hapa ni kikosi maalumu cha wapanda farasi ambacho Napoleon alikiunda baada ya vita vyake vya Misri vya 1798 hadi 1801, kwa kuwatwaa askari wa huko walioitwa Mamluki, jina la Kiarabu lenye maana ya mtu anayemilikiwa, lililotokana na mzizi uleule uliotupatia "miliki". Kufikia 1808 si wote kikosini waliokuwa watu wa Mashariki, lakini vilemba, suruali pana na panga zilizopinda vilibaki kuwa mavazi na silaha zao, ndiyo maana wakazi wa Madrid hawakuwasahau.

Jeshi la Uhispania lilikuwa wapi?

Lilikuwa kambini kwa amri, na kwa maoni ya mwandishi hili ndilo swali linaloifanya tarehe hii kuwa tofauti na ushindi unaoadhimishwa kwa kawaida na serikali. Wakubwa waliwaagiza askari wasitoke, na wengi walitii. Waliokaidi walikuwa maofisa wachache wa ngazi ya kati katika ghala la mizinga la Monteleón, kaskazini mwa mji: makapteni Luis Daoíz, mzaliwa wa Sevilla, na Pedro Velarde, mzaliwa wa Cantabria, pamoja na luteni Jacinto Ruiz, mzaliwa wa Ceuta. Inasimuliwa kwamba Daoíz alisitasita akiwa na karatasi ya amri mkononi, kisha akaagiza malango yafunguliwe ili raia waliokuwa wakipiga kelele nje wapewe silaha.

Kwa muda wa saa kama tatu mizinga michache iliyosukumwa hadi langoni iliwazuia Wafaransa, huku wanawake na wanaume wa mtaa huo wakibeba risasi na majeruhi. Velarde alipigwa risasi, Daoíz akachomwa kwa singe na kufa siku hiyohiyo, na Ruiz, aliyejeruhiwa vibaya, alifariki mwaka uliofuata. Makapteni hao wawili wana sanamu, mitaa na mashairi. Hata simba wawili wa shaba walio mlangoni mwa Bunge la Uhispania watu wamewabandika majina yao, Daoíz na Velarde. Waliobeba risasi, kwa sehemu kubwa, wamebaki majina tu katika orodha.

Manuela Malasaña alikuwa nani, na kweli aliuawa kwa sababu ya mkasi?

Alikuwa msichana wa miaka 17, mdarizi, aliyeishi karibu na Monteleón na aliyeuawa siku ile. Hilo ni hakika. Jinsi alivyouawa kunasimuliwa kwa njia mbili: kwamba alipigwa risasi akimpelekea baba yake risasi za bunduki, au kwamba alikamatwa akitoka kazini na mkasi wake ukahesabiwa kuwa silaha, kwa mujibu wa amri ya Murat. Masimulizi yote mawili ni ya zamani, na la pili ndilo linalopendwa zaidi kwa sababu linaonyesha upana wa amri yenyewe kuliko hotuba yoyote. Mtaa wote unaozunguka eneo la Monteleón sasa unajulikana kwa jina la Malasaña, ingawa katika karatasi za manispaa jina rasmi ni jingine. Clara del Rey, mama aliyekufa kwenye mizinga hiyohiyo, ana barabara yenye jina lake katika sehemu nyingine ya mji, lakini watalii wachache humkumbuka.

Amri ya Murat ilisema nini, na watu wangapi walikufa?

Amri iliyotangazwa mchana wa tarehe 2 ilisema kwamba kila aliyekamatwa na silaha apigwe risasi, kwamba kundi lolote la watu zaidi ya wanane lihesabiwe kuwa la waasi na lifyatuliwe risasi, na kwamba kijiji chochote atakakouawa Mfaransa kitachomwa moto. Tume ya kijeshi chini ya Jenerali Grouchy iliketi katika jengo la Casa de Correos, pale Puerta del Sol, ikatoa hukumu bila kuwasikiliza waliohukumiwa. Watu walipigwa risasi jioni ile kando ya Paseo del Prado, na alfajiri kwenye kilima cha Príncipe Pío, ambako waliuawa 43.

Kuhusu jumla, orodha iliyokusanywa mtu kwa mtu wakati wa kumbukumbu ya miaka 100, mwaka 1908, ilipata zaidi ya Wahispania 400 waliokufa. Unapokutana na maandishi yanayotaja maelfu, fahamu kwamba kila upande ulikuwa na sababu ya kukuza hesabu zake.

Móstoles inahusikaje?

Móstoles ulikuwa mji mdogo, mwendo wa kilomita 18 hivi kusini-magharibi mwa Madrid. Alasiri ile waliokimbia Madrid walifika na habari, na mwanasheria Juan Pérez Villamil akaandika waraka wa kuvitaka vijiji na miji mingine iisaidie Madrid. Waliouweka saini ni mameya wawili, Andrés Torrejón na Simón Hernández. Mpanda farasi aliuchukua waraka huo kwa njia ya Extremadura, na katika siku zilizofuata ukasomwa mji baada ya mji hadi kusini mwa nchi. Wahispania hupenda kusema kwa utani kwamba Napoleon alitangaziwa vita na meya wa kijiji. Utani huo una ukweli ndani yake, kwa kuwa hapakuwa na mamlaka ya juu zaidi iliyothubutu kufanya hivyo siku ile. Leo Móstoles una wakazi zaidi ya 200,000, na huiadhimisha tarehe 2 Mei kwa fahari inayoshindana na ya Madrid yenyewe.

Je, maasi yalifaulu?

Kwa siku ile, hapana. Habari zilipofika Bayonne zilimpa Napoleon kisingizio cha kumbana Fernando, na ndani ya siku chache baba na mwana wote wawili walikuwa wameliachia taji, ambalo kaisari alimpa kaka yake Joseph. Hata hivyo, kabla ya mwezi Mei kwisha majimbo mengi yalikuwa yameinuka. Mwezi Julai jeshi zima la Kifaransa lilisalimu amri huko Bailén, na vita vilivyofuata vilidumu hadi 1814. Katika vita hivyo ndipo neno la Kihispania *guerrilla*, yaani vita vidogo, lilipoingia katika lugha za ulimwengu, jambo ambalo sisi tunaliita vita vya msituni.

Kuna upande mchungu ambao hotuba za sikukuu huupita haraka. Fernando, ambaye watu walikufa wakilitaja jina lake, alikaa miaka yote ya vita katika jumba la Valençay nchini Ufaransa bila kukosa chakula wala burudani. Aliporudi, tarehe 4 Mei 1814, siku mbili tu baada ya kumbukumbu ya maasi, aliifuta katiba ya 1812 iliyotungwa Cádiz na wabunge waliokuwa wakitawala kwa niaba yake, kisha akawafunga wengi waliokuwa wameitetea.

Je, Goya aliyashuhudia kwa macho yake yale aliyoyachora?

Francisco de Goya alikuwa akiishi Madrid, mwenye umri wa miaka 62 na kiziwi. Hadithi ya kwamba aliyatazama mauaji kwa darubini kutoka dirishani ni tamu, lakini ilichapishwa muda mrefu baadaye. Kilicho wazi ni kwamba picha zake mbili kubwa, ya mapambano ya tarehe 2 na ya mauaji ya tarehe 3, alizichora mwaka 1814, baada ya kuiomba serikali iliyokuwa ikitawala wakati huo imsaidie gharama. Zote mbili ziko katika jumba la makumbusho la Prado.

Katika ile ya pili, mwanamume mwenye shati jeupe ameinua mikono mbele ya bunduki, taa ya kandili iko chini, na maiti zimelaliana ubavuni. Askari wamegeuza migongo na hakuna uso hata mmoja wa kwao unaoonekana. Kila anayesubiri kufa, kinyume chake, ana uso wake mwenyewe, na hakuna hata mmoja kati yao aliyevaa sare ya jeshi. Picha hizi ziliharibika zilipokuwa zikihamishwa kwa lori wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939, na ukarabati wake ulikamilishwa mwaka 2008, kwa ajili ya miaka 200 ya tukio.

Je, ni sikukuu ileile ya Cinco de Mayo ya Wameksiko?

Sivyo. Cinco de Mayo ni tarehe 5 Mei na hukumbuka ushindi wa Wameksiko huko Puebla mwaka 1862 dhidi ya majeshi ya Napoleon III, mpwa wa yule wa kwanza. Mkanganyiko mwingine huwapata wanaofika Lima na kuukuta uwanja wa Dos de Mayo: huo unakumbuka vita vya Callao vya tarehe 2 Mei 1866, ambavyo Waperu walizirudisha nyuma meli za kivita za Uhispania. Tarehe ni moja, ila mara hii wavamizi ni Wahispania.

Siku yenyewe huadhimishwaje?

Asubuhi huwekwa mashada ya maua makaburini na kwenye minara ya kumbukumbu, kisha shughuli za serikali ya jimbo hufanyika Casa de Correos, ambako rais wa jimbo hutunuku nishani, zikiwemo zile zinazobeba jina la tarehe yenyewe. Jengo hilo ni lilelile ambamo tume ya Grouchy ilitoa hukumu zake, na ambalo wakati wa utawala wa dikteta Franco lilikuwa makao ya polisi wa usalama yenye vyumba vya mahabusu. Leo ndiyo ofisi ya rais wa jimbo. Kati ya wageni waalikwa wanaopanda ngazi zake siku hiyo, wanaolifikiria hilo pengine si wengi.

Alasiri, katika uwanja wa Las Ventas, hufanyika mchezo wa ng'ombe ambao washiriki huvaa mavazi ya zama za Goya, na mtaani Malasaña kuna muziki na vyakula. Anayetaka kuona sherehe ya watu badala ya sherehe ya viongozi aende huko.

Maduka, makumbusho na ofisi hufunguliwa?

Ofisi za umma, benki na shule hufungwa. Maduka ya jimbo la Madrid yameruhusiwa na sheria tangu 2012 kufungua siku yoyote, kwa hiyo mengi ya katikati ya mji hufunguliwa. Prado hufungwa tarehe 1 Mei, Siku ya Wafanyakazi, lakini tarehe 2 huwa wazi.

Ikiangukia Jumapili?

Serikali ya jimbo inaweza kuihamishia Jumatatu, kama ilivyofanya mwaka 2021. Isichanganywe na sikukuu za mji wa Madrid wenyewe, San Isidro tarehe 15 Mei na Almudena tarehe 9 Novemba, ambazo hazihusu manispaa nyingine za jimbo.

Nikiwa na nusu siku tu, niende wapi?

Anzia mbele ya kasri, magari ya farasi yaliposubiri, upite Puerta del Sol, kisha upande hadi uwanja wa Dos de Mayo, ambako tao la lango la Monteleón bado limesimama, likiwa na sanamu ya Daoíz na Velarde chini yake na watoto wakicheza mpira kando. Ukiwa na nguvu, shuka magharibi hadi kaburini La Florida, karibu na kanisa dogo alikozikwa Goya. Ni bustani ndogo yenye ukuta, na kwa miaka mingi imejulikana kwa kufunguliwa siku hii moja tu ya mwaka. Wale 43 wa Príncipe Pío walizikwa hapo siku kadhaa baada ya kuuawa, kwa kuwa miili yao iliachwa palepale kilimani hadi watu wa chama cha kidini walipopata ruhusa ya kuichukua.